Oili Nzito kwa Gari Lenye Heshima Zake

Jumatatu, 3 Machi

Nimetukanwa leo. Kwa hakika limetukanwa gari langu, lakini ni yale yale.

Nililipeleka gereji kwa Fundi Kelele aniangalizie kitu kidogo tu: asubuhi likiwaka linatoa moshi wa bluu. Hakuangalia moshi. Akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa. Kisha akaita mafundi wenzake waje waone. Waje waone! Wakasimama watano kukizunguka kijiti changu, wanatikisa vichwa kama watu waliokuja kufariji wafiwa.

Akaniuliza oili hii nilibadilisha lini. Nikamwambia sibadilishi, huwa naongeza ikipungua. Akasema kwa sauti ya kusikika barabara ya pili kwamba hiyo si oili tena, ni lami. Eti gari lililotembea kilomita laki tatu na themanini elfu linataka oili iliyoandikwa kwenye kitabu chake, au nzito kidogo kwa sababu ya uzee, pamoja na filta mpya, na kubadilisha kila kilomita elfu tano.

Elfu tano! Mtu habadilishi shuka kwa kasi hiyo.

Mimi ni msimamizi wa duka la magodoro, kazi yangu ni vitu vilivyochoka. Najua godoro likibonyea halitaki sponji nzito kidogo. Linataka sponji nzito kabisa. Kidogo ni neno la mtu anayetaka urudi tena mwezi ujao. Nikafunga boneti mwenyewe, nikaondoka.

Nyumbani mke wangu kanikumbusha kuwa Ijumaa mama yake anatolewa mtoto wa jicho. (Katika watoto wote wa Mama Mkwe, huyo ndiye pekee ambaye hajawahi kunisema.) Kaka yake mke wangu, yaani Shemeji, amejitolea kumpeleka kwa gari lake. Nimekataa. Niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nitampeleka mimi. Shemeji hubadilisha oili kila elfu tano bila kukosa, kisha anawasimulia watu. Sitaki mgonjwa asafiri na mtu wa namna hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua hatua.

Muuza vipuri aliniuliza ni gari gani. Nikamwambia ni gari lenye heshima zake, anipe oili nzito kuliko zote dukani. Akasema nzito kuliko zote ni ya giaboksi, haiingii kwenye injini. Nikamuuliza kama yeye ni muuzaji au mwalimu. Akanifungia galoni ya hiyo ya giaboksi.

Kazi nimeifanya mwenyewe uani. Lami ya Fundi Kelele ilitoka yote kwa mkupuo, nusu ikaingia kwenye beseni, nusu kwenye suruali yangu ya kazini. Beseni kumbe ni la kufulia. Mke wangu amesema mambo ambayo sitayaandika. Filta sikuigusa. Niliikagua kwa nje, bado ngumu kabisa, haijatoboka popote.

Oili mpya ilishuka taratibu kama asali. Hiyo ndiyo oili. Ina adabu, haina haraka.

Jumatano, 5 Machi

Moshi umekwisha! Hata chembe! Nimesimama nyuma ya bomba la moshi dakika nyingi kwa furaha, mpaka jirani akaniuliza kama niko salama.

Ni kweli gari lilichelewa kuwaka. Ni kweli pia kuna mlio mpya, tak-tak-tak, kama cherehani ya mtu mwenye hasira. Mke wangu kasema linagonga. Nimemweleza kwamba linajizoesha. Na taa nyekundu ya oili inawaka, lakini taa hiyo ilizoea oili nyepesi, nayo itajizoesha.

Jioni Shemeji kapita, eti anamsalimia dada yake. Akasimama karibu na gari langu, mikono nyuma, kichwa kakiinamisha upande.

“Shem,” akasema, “huo mlio ni wa nini?”

Mlio gani? Nikamwambia hilo ni gari, si redio ya kuzima na kuwasha. Akatabasamu. Lile tabasamu lake! Akasema kama Ijumaa nitahitaji msaada, yeye yupo. Alisema hivyo mbele ya mke wangu, kwa upole kabisa, ili nionekane mimi ndiye mbaya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelala nikilifikiria tak-tak-tak, nikaamka na jawabu. Oili ni nzito mno? Basi iongezewe nyepesi mno. Nzito na nyepesi zikikutana zinakuwa za wastani, hata mtoto wa chekechea anajua. Nimerudi kwa muuza vipuri, nikataka nyepesi kuliko zote. Akanipa ile ya magari yaliyotoka kiwandani jana.

Sikumwaga kitu. Kumwaga ni uharibifu. Nimeimimina juu ya ile ya kwanza, galoni nzima. Kijiti sasa kinaonyesha kupita alama ya juu kwa mbali, yaani gari limeshiba.

Saa kumi na moja jioni: linavuja. Limetandaza dimbwi jeusi uani, paka wa jirani kalipitia, na sasa nyayo zake ziko kwenye veranda yetu na kwenye kochi la jirani. Jirani kaja kunilalamikia kuhusu miguu ya paka wake mwenyewe!

Kulaani hakusaidii. Limetoa oili ya ziada, limebakisha inayolitosha. Hilo ni gari lenye akili.

Tatizo lililobaki ni taa nyekundu. Sasa haizimi kabisa, na mke wangu ni mtu wa wasiwasi. Sitaki awe na wasiwasi siku ya operesheni ya mama yake. Nimechukua kibandiko cha duka letu, nimekibandika juu ya taa. Kimekaa vizuri, kama vile gari lilitoka nacho kiwandani. Kimeandikwa DHAMANA MIAKA KUMI.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Tumefika hospitali na tumerudi. Mama Mkwe kakaa nyuma na mke wangu. Wakati wa kushuka aliuliza kwa nini safari hii tumekuja na mashine ya kukobolea. Operesheni imekwenda salama. Jicho lina bandeji, kesho asubuhi inatolewa.

Shemeji alitupigia simu kuuliza kama tumefika. Nilipokea mimi. Nikamwambia tumefika ZAMANI.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Bandeji ilitolewa, Mama Mkwe akaona. Mke wangu akalia. Mimi pia nilikuwa karibu kulia, ila Mama Mkwe akanigeukia, akanikazia lile jicho jipya, akasema, “Kumbe umezeeka hivi!”

Furaha ilikuwa kubwa, wakati wa kurudi nyumbani akaomba akae mbele, atazame dunia. Njia nzima akawa anasoma kila kitu kwa sauti. Akasoma mabango. Akasoma namba za magari. Tukapiga makofi. Tulipoanza kupanda kilima cha kuelekea sokoni, akarudisha jicho ndani ya gari.

“Dhamana... miaka... kumi,” akasoma.

Mke wangu akapiga makofi. Kisha akaacha.

“Dhamana ya nini, mwanangu?” akauliza Mama Mkwe.

Nikasema ya gari, Mama. Akasema mbona kimebandikwa upande upande, akakipeleka ukucha, akakibandua. Nikaona uso wake wote umekuwa mwekundu kwa mwanga ule.

“Mwanangu, humu ndani kuna moto. Zima gari.”

Nikasema hakuna moto, Mama, ni taa tu ya mapambo. Hapo injini ikatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kwa ng'ombe.

“Zima!” wakasema wote wawili.

Nikazima. Tukakaa katikati ya kilima, magari yanatupigia honi nyuma. Mke wangu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alimpigia simu kaka yake, kisha akaweka kichwa chake kwenye bega la mama yake na kuangalia nje. Kwa dakika moja nilijisikia vibaya sana.

Kisha akatokea Shemeji na kamba.

Hakusema neno! Mtu muungwana angesema kitu, nikamjibu, yakaisha. Yeye akamhamishia mama yake kwenye gari lake, akamfunga mkanda, akaja kufunga kamba akipiga mluzi. Nimevutwa mjini mchana kweupe, nimeshika usukani wa gari lisilowaka, na mbele yangu Mama Mkwe kageuka kwenye kiti ananitazama kwa jicho linaloona kila kitu.

Jumatano, 12 Machi

Fundi Kelele kafungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kaosha, kaweka filta na oili ile ile aliyoitaja mwanzo. Kasema injini imenusurika kwa sababu ilizimwa kwa wakati, dakika tano zaidi ingekuwa chuma chakavu. Kasema nimshukuru Mama Mkwe. Alisema hivyo mbele ya wale wanne wengine.

Gari sasa linanguruma kama paka aliyeshiba. Wao wanadhani ni kwa sababu ya oili yao. Kazi yote ilifanywa na mchanganyiko wangu, ambao uliilainisha injini kwa ndani siku tatu mfululizo. Wao wamekuja kumalizia tu na kuchukua sifa.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji kasafiri kikazi. Gari lake kaliacha uani kwetu, kesho mke wangu ampeleke Mama Mkwe kuangaliwa jicho. Funguo kampa dada yake mkononi, na kamwambia, nikisikia, asinipe mimi. Baada ya yote niliyoifanyia familia hii!

Mke wangu alipoingia kuoga nimechukua funguo mezani, nikalisogeza gari kivulini. Jua linaharibu rangi, mtu yeyote angefanya hivyo. Na kwa kuwa nilishakaa ndani, nikafungua boneti.

Masikini Shemeji. Oili yake ni ya dhahabu, unaona hadi upande wa pili, nyepesi kama chai ya hospitali. Mtu anajisifu miaka yote, kumbe injini yake inakunywa maji! Hasira zote zikaniisha. Nikamwonea huruma ya kweli.

Bahati nzuri jana kituo cha mafuta nilinunua chupa ya dawa ya kuifanya oili ya injini iwe nzito, ina picha ya simba anayekimbia. Maelezo yanasema kifuniko kimoja. Hayo maelezo yaliandikwa na watu wa kifuniko kimoja. Nimemimina chupa nzima.

Sitamwambia mtu. Mama Mkwe anaondoka saa tatu asubuhi, atasikia tofauti mwenyewe.