Mashine Haina Mashemeji

Jumatatu, 2 Mei 1955
Ramadhani ya nane. Hasira zimenijaa. Leo Mzee Mwinyijuma ametangaza msikitini kwamba baada ya Idi atamwoza binti yake Mastura. Mume ni mmoja wetu: mimi Hatibu, karani wa duka la redio hapa mtaa wa Usagara, au Miraji, fundi cherehani. Sharti moja: awe mfungaji wa kweli. Akaniuliza kama nafunga. Nikaapa hata mate simezi. Uongo mtupu! Saa sita nilikuwa stoo na mihogo ya kukaanga ya Bertha, yule mama Mkristo anayewauzia makuli wa bandarini. Ningesemaje mbele ya safu nzima ya watu? Miraji naye akaapa. Mnafiki! Nilimwona na makombo kwenye ndevu.

Jumanne, 3 Mei
Tajiri yangu ameleta mashine ya kunasa sauti. Unasema, utepe unazunguka, maneno yanabaki. Nikaijaribu peke yangu. Moja, mbili, tatu. Halafu sijui nilipatwa na nini, nikaieleza habari za mihogo. Zote! Mpaka pilipili. Mashine haikuguna. Haikunitazama kwa jicho la pembeni. Haina macho, haina mashemeji. Nikajisikia mwepesi.
Basi Miraji naye akiachwa nayo peke yake atatapika yote. Nitamnasa, mwana hizaya!

Jumatano, 4 Mei
Nimemwita Miraji. Nimemwambia aseme lolote lililo moyoni, kisha nitafuta. Akaingia, nikafunga mlango. Alipotoka, akapita Mzee Mwinyijuma. Shikamoo, marahaba, naye akataka kuijaribu kwa ahadi ile ile. Alikaa humo nusu saa nzima!
Jioni nikasikiliza. Miraji amekula siku mbili. Ana vidonda vya tumbo, daktari kamkataza kufunga, anaona haya kusema. Vizuri! Kala, kala tu. Lakini Mzee! Mayai manne ya kuchemsha kila siku, kwa Bertha yule yule. Ndiyo maana pilipili huisha mapema. Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika mwaka huu.

Ijumaa, 6 Mei
Siku ya laana. Nilibeba mashine mpaka barazani kwa Mzee, maana nyumba yake ina umeme. Watu wamejaa, tumekwisha kufuturu. Nikawaambia wasikie maneno ya Miraji mwenyewe. Nikabonyeza. Moja, mbili, tatu! Sauti yangu! Kwa pupa nilikuwa nimeurudisha utepe mpaka mwanzo kabisa. Mihogo. Stoo. Pilipili. Nikaruka kuizima, Sadalla, kaka yake Mastura, akanishika mkono. Watu walicheka mpaka kahawa ikamwagika.
Kisha Miraji na vidonda vyake. Mama yake Mastura akamletea uji, akamwita mwanangu. Mwanangu! Mzee akasema mgonjwa ana ruhusa ya dini, Mastura ni wa Miraji. Sauti yake mwenyewe ilipoanza kukohoa ndani ya mashine, akaung'oa waya ukutani, akasema vitu hivi vinaharibu swaumu.
Nilikuwa na neno moja tu la kusema: mayai. Macho yote yakanigeukia. Nikasema futari ilikuwa tamu sana.

Jumamosi, 7 Mei
Mastura amepita dukani, hakunitazama. Nimelia kidogo, kwa hasira tu. Kisha nimejifungia na mashine nikasema kila kitu kwa majina. Mayai. Kwamba Mzee ni mwongo mkubwa kuliko mimi. Kwamba siku ya harusi nitamtuma mtu aseme Miraji ana mke Pangani. Nimepumua.
Alasiri Sadalla akaja kuiazima. Anafundisha kaswida madrasani, anataka kuwanasa vijana, kisha msikiti mzima usikilize, baba yake akiwa mbele. Nimempa pamoja na utepe ule ule. Akaniuliza kama moyoni nina kinyongo. Nikasema sina hata chembe.
Sina wasiwasi. Safari hii siri yangu sikumwambia mtu.