Nyota Niliyoiita Vumbi

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Kwenye picha za jana, katikati ya galaksi moja, nukta ya buluu imewaka pale pale lilipo shimo jeusi. Nyota imelisogelea mno, sasa inavutwa na kuchanwa kama donge la unga. Desturi yetu kituoni: ukiona kitu cha namna hii unatangaza papo hapo, darubini nyingine nazo zigeuke kukitazama. Nitangaze ili Miwani, jirani yangu wa meza, adandie? Thubutu! Kwenye kompyuta ya wote nimeandika: vumbi kwenye kioo.

Dada amepiga simu. Mama hali si nzuri, ananiulizia. Nimesema nitakuja Jumamosi.

Jumanne, 4 Machi
Nukta imezidi kung'aa. Miwani kauliza ile ni nini. Nikamjibu vumbi. Akaguna. Nilicheka kimoyomoyo.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Fundi wa kioo kasoma maneno yangu. Kioo cha darubini kimeshushwa, kinaoshwa. Nikamwambia labda si vumbi. Akasema niliandika mwenyewe, na mkuu wa kituo amenisifu kwa uangalifu. Mkuu kaniruhusu niende kwa mama, maana kazi imesimama. Nimekataa. Nani atamharakisha fundi? Nimeshinda naye nikimpa pamba, mpaka akaniomba nisogee, namzibia mwanga.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kampa mama simu. Sauti ilitoka kwa shida.

"Mwanangu, unakula?"

Nikasema nakula, na kwamba nina nyota yangu.

"Basi iangalie vizuri."

Nimelia stoo, katikati ya ndoo. Nilishaanza kufunga begi, fundi akapita kusema kioo kinarudi Jumapili. Begi nimelirudisha kabatini.

Jumapili, 9 Machi
Kioo kimerudi, safi kabisa. Kazi bure! Tangu Jumanne Miwani alimuuliza rafiki yake wa kituo kingine kama na wao wana vumbi mahali pale. Hawakuwa nalo. Wametangaza asubuhi. Wana picha za kila siku, nyota ilivyochanika, nusu ikimezwa na nusu ikitupwa mbali. Mimi sina kitu.

Nilikuwa kwa mkuu nikimshtaki Miwani kwa wizi, dada akapiga simu. Mama amefariki. Nimeketi sakafuni. Nina uchungu ambao sikuujua.

Jumatano, 19 Machi
Nimerudi kutoka mazishini. Dada hakunipa mkono. Baba alinishika bega akasema, "Kazi ni kazi, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Miwani kaniletea chai na kunipa pole. Nikajiuliza anataka nini.

Nikafungua picha za leo. Nukta mpya, ya buluu! Nimeapa sitaandika tena vumbi. Nimeandika: hitilafu ya kamera.

Dada amepiga. Baba hali chakula, anakaa tu anatazama mlango. Nimemwambia awe na subira, nikishamaliza hii nakuja.