Masoud Amtambua Kikande

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Wingu zito, upepo wa kusi, na manyunyu yaliyouacha mchanga wa ufuko wa Mlingotini na vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Asubuhi hiyo Masoud alikuwa mtaalamu wa samaki wote wa baharini, waliozaliwa na ambao bado. Utaalamu wenyewe ulikuwa na siku nne, sawa na umri wa picha za samaki zilizokuwa kwenye simu yake. Watafiti wa samaki walikuwa wakitafuta mtu mmoja wa kuandika samaki wanaoshushwa pale, kazi ya mwaka mzima, na Masoud alikwishawatangazia wakwe zake kuwa kaipata.

"Shikamoo, Bi Mize," alimwamkia mama aliyekaa akichuna samaki. "Nawe umeomba?"

"Marahaba. Nimeomba."

"Pole."

Mtafiti, binti aitwaye Naila, aliweka beseni la maji mbele yao. Ndani mlikuwa na samaki aitwaye kikande, yu hai, mnene kama mto wa kochi.

"Atakayeniambia huyu ni kikande wa aina gani, na kamjuaje, ndiye nitakayemwandika."

Masoud alitazama samaki, akatazama simu. Kwenye simu walikuwamo vikande kumi na wawili, wote wamemkodolea macho.

"Yule mdogo wa michirizi," alisema. "Huyu kanenepa tu. Mpole sana, anakula majani. Meno hana."

"Masoud, usimtie kidole."

"Bi Mize, elimu haiogopi." Akatia.

Kikande, ambaye hakuwa na simu, aliuma. Masoud alinyanyua mkono na samaki akaja nao, ananing'inia kama pete ya sultani. Kilio alichokitoa kiliusimamisha mnada wa samaki uliokuwa ukiendelea jirani.

"Usimvute, atakaza," alisema Bi Mize. "Mrudishe majini."

Akamrudisha, akaachiwa.

Bi Mize hata hakuinuka. "Tazama juu ya mdomo, ana mstari mweusi kama masharubu. Ndiye anayefukuza wazamiaji akiwa na mayai. Yule wa michirizi, hata ale pilau mwaka mzima, hafiki ukubwa huu."

Naila akaandika jina moja, akafunga daftari.

Kesho yake asubuhi Masoud alikuwa mtaani Dunda, kidole kimefungwa bendeji nene kama andazi. Dereva wa bodaboda akamuuliza kulikoni.

"Papa," alisema Masoud.

"Papa wa aina gani?"

Masoud akatazama pembeni. "Nitajuaje? Mimi na samaki wapi na wapi."