Mfumo Mpya wa Mchezo Wetu, na Vero Aliyebaki Kwenye Kamba

Mheshimiwa Bibi Kokushubira, mlezi wa kikundi, mwenye nyumba, mwenye stoo hii ya kahawa, mwenye chai na, kwa bahati njema, bibi yangu mzaa baba, Mheshimiwa Evaristi, Mkurugenzi wa Mahesabu na shujaa mwenye shoka, Mheshimiwa Naila, Katibu Mwenezi, mchawi wa daraja la pili na binti wa duka la vitenge pale stendi, Mheshimiwa Vero, shujaa mpanda kuta, ambaye kesho alfajiri anaelekea Mwanza kuanza chuo cha uuguzi, kuku mlioalikwa na mlioingia wenyewe, wadau wote wa mchezo wa kuigiza wa mezani hapa Kimuli, Songambele na hadi Kiruruma kwa majirani zetu wa Karagwe, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya mtu mmoja. Ni Bibi, anafukuza kuku.)

Mimi Leonidas, ambaye Vero bado huniita Leo, Mwenyekiti wa Kamati ya Uteuzi wa Mfumo Mpya, Msimulizi Mkuu wa mchezo na mtoto wa diwani mstaafu, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu. Kwa faida ya Bibi, ambaye bado anadhani tunapiga ramli, nieleze kwamba mchezo wetu hauna ubao wala mpira: msimulizi anasimulia hatari, kila mchezaji anasema shujaa wake anafanya nini, dadu inarushwa, na mfumo, yaani zile kanuni tulizokubaliana, unaamua kama shujaa amepona au ameliwa. (Bibi: "Mwana wange, mliniambia ni masomo." Kicheko.)

Ndugu wadau, mtakumbuka kwamba wakati wa mavuno ya kahawa, shujaa wa Mheshimiwa Vero alikuwa ananing'inia juu ya shimo la joka, kwa mkono mmoja, kamba ikianza kukatika, na ni katika dakika hiyo hiyo ofisi yangu iliona mbali, ikausimamisha mchezo na kutangaza kwamba mfumo wa zamani, wenye theluji ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga na ngome za mawe zisizo na hata mgomba mmoja uani, haukidhi tena mahitaji ya walengwa. (Vero: "Tangu mavuno, Leo! Mkono wa shujaa wangu umekufa ganzi!") Hoja imepokelewa, Mheshimiwa, na itajibiwa kwa maandishi.

Tulianza na upembuzi yakinifu wa mfumo wa kitabu kinene, uliopendekezwa na Mheshimiwa Evaristi, mfumo imara kiasi kwamba kufungua mlango mmoja kunahitaji kujumlisha nguvu za mkono, kutoa uzito wa mzigo na kuzidisha kwa bahati, na nafurahi kuripoti kwamba mlango wa majaribio ulifunguliwa jioni, kwa mafanikio makubwa, na ndani hakukuwa na kitu. (Evaristi: "Kulikuwa na ufagio." Naila: "Ufagio ule ni wa Bibi, ulikuwa umeegemea hapo ukutani!")

Kisha tukaujaribu mfumo mwepesi, usiotumia dadu kabisa, ambamo mchezaji akisema jambo limetokea, basi limetokea. Na papo hapo Mheshimiwa Vero akasema ametoka shimoni, amemchinja joka na kumpika supu, matokeo ambayo ofisi yangu iliyabatilisha, kwa kuwa majaribio hayaruhusiwi kuleta matokeo.

Lakini tegemeo la mradi mzima lilikuwa mfumo wa nyumbani uliobuniwa na Naila, wenye mashujaa wanaovuka Mto Kagera na mikungu ya ndizi mabegani, na dadu zake zikiwa punje za akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, zilizochorwa alama za wino upande mmoja. Siku ya uzinduzi akapita Mwinjilisti Gideon kumjulia hali Bibi, na Bibi, kama desturi inavyotaka mgeni apokewe, akachukua kibakuli kilichokuwa mezani akamkaribisha. Na mwinjilisti, mtu mwenye adabu zake, akatafuna miundombinu yote huku tukimtazama. (Bibi: "Ningejuaje? Mgeni akae mdomo mtupu nyumbani kwangu?" Naila: "Na alisifu, eti kahawa ya mwaka huu ina ladha ya kalamu!") Ofisi yangu inaliita tukio hilo ushirikishwaji wa taasisi za dini.

Pamoja na changamoto hizo, takwimu zinajieleza. Asilimia mia ya wanakamati wanaridhishwa na utendaji wa Mwenyekiti, na malalamiko yamepungua kwa nusu tangu Evaristi aanze kusinzia. Ifikapo msimu wa senene, kila kaya itakuwa na dadu ya pande ishirini, ramani ya rangi, na semina elekezi kuhusu namna ya kuogopa joka kitaalamu. (Vero anasimama: "Msimu wa senene mimi nitakuwa wodini. Kaka, sitaki ramani. Nataka kujua kitu kimoja kabla sijapanda basi: naanguka au sianguki?") Swali zuri sana, na ndiyo maana Serikali, samahani, ndiyo maana kamati inalifanyia kazi. (Naila: "Mjibu tu!")

Mfumo mpya! Mfumo mpya hoyee! (Bibi: "Hoyee, mwanangu, malizia, chai inapoa.") Kanuni kwanza, joka baadaye! (Evaristi anaamka, anapiga makofi mahali pasipo pake.)

Nimalizie kwa shukrani. Naishukuru kamati, ambayo kwa uwazi na uwajibikaji haijawahi kuteuliwa. Namshukuru mwandishi wa mfumo mpya tuliouchagua, popote alipo, kwa sababu hatujauchagua, na hayupo, na haukuwahi kuwepo. (Evaristi: "Sasa tulikuwa tunasubiri nini miezi yote hii?") Kulikuwa na sababu za kiutawala, Mheshimiwa. Dadu ikirushwa, Vero ataanguka au atapona, na kwa vyovyote vile safari ya mashujaa wetu itakuwa imekwisha. Ofisi yangu ilitathmini kwamba mtu anayening'inia kwenye kamba Kimuli hawezi wakati huo huo kuwa Mwanza. (Bibi anaweka birika chini.)

(Vero: "Leo. Basi halisubiri mchakato. Irushe.")

Nawashukuru kwa kunisikiliza. (Mwenyekiti anakunja karatasi zake, anavuta kiti, anaketi na wenzake. Dadu iko mezani. Anakohoa kidogo, halafu anasema kwa sauti ya kawaida:) Vero, uzi wa mwisho wa kamba unakatika. Chini joka limefumbua jicho. Unafanya nini?