Ruhusa ya Msiba wa Tumboni

Didas Nyenza,
Kitongoji cha Ilambo,
Kilolo.

Ndugu Mwenyekiti Sosthenes,

YAH: KUTOCHIMBA MTARO KWA SABABU YA KUFIWA

Tafadhali soma kichwa cha barua hapo juu, kisha vua kofia. Natumaini hujambo, na goti lako pia.

Leo saa tatu ni msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuchimba mtaro wa maji ya zahanati. Nimekwisha kukosa mara mbili, na sheria yetu naijua: anayekosa mara ya tatu, watu hawaendi kwake kuzika. Mama yangu, Bibi Anjela, ana miaka themanini na moja, kwa hiyo jambo hili linaninyima raha. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mfiwa hachimbi kwa siku tatu, nami nimefiwa kama ifuatavyo:

1. Wiki iliyopita tumbo lilinishika. Muuguzi Bupe, yule tuliyeletewa kutoka Mbalizi, alinipa vidonge, akasema vitaua bakteria wabaya, ila na wazuri wengi watakwenda nao. Nikamwuliza hao wazuri ni wangapi. Akasema ni matrilioni. Mwenyekiti, kitongoji chetu chote kina watu mia nne.

2. Marehemu hawakuwa wavivu. Muuguzi anasema walinisaidia kusaga chakula, na wengine walitengeneza vitamini B na K humo humo tumboni, bila kupigiwa filimbi. Wachapakazi wa namna hiyo hapa Ilambo siwajui.

3. Wafiwa, yaani bakteria wazuri waliobaki tumboni, wanahitaji kulishwa. Desturi yetu ni kuchanga unga na kuni. Muuguzi alitaja mboga za majani, maharage, mtindi, parachichi na mayai, kwa ajili ya vitamini. Naomba mchango ufuate maelekezo hayo. Kuni msilete, humo hakuna jiko.

4. Kaburi ni mimi mwenyewe. Tangu lini kaburi likashika jembe?

5. Siku tatu ni za marehemu mmoja. Kwa matrilioni nilianza kupiga hesabu nikaacha. Naomba nisamehewe mpaka mtaro uishe, na zile siku mbili za nyuma niwekewe tiki.

Nisalimie mkeo mama Juliana, wazee wa kanisa na wote watakaochimba. Waambie nipo nao kwa moyo.

Wako mwenye majonzi,
Didas Nyenza

Nyongeza: Mke wangu Faustina amefagia chini ya kitanda sasa hivi, akakuta vidonge vyote kumi na vinne. Ni vichungu, Mwenyekiti, vilinishinda. Kwa hiyo hakuna aliyekufa. Mama amesikia yote. Hakunigombeza. Amechukua jembe langu na kushika njia ya mtaroni, anasema anakwenda kujitafutia watu wa kumzika. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Barua hii nakuletea mwenyewe huko huko. Usiisome mbele yake. Na kama kuna jembe la ziada nitunzie, la nyumbani analo yeye.