Maembe ya Kumshinda Melkiori

Jumapili, 12 Novemba

Siku kubwa! Baada ya misa imetangazwa kwamba jumuiya yetu itachagua mwenyekiti mpya Jumamosi ya tarehe 25. Na zamu ya kusaliwa nyumbani siku hiyo ni ya nani? Yangu! Hapa hapa Kongowe, sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu. Wagombea wawili. Mimi, Evodius, karani mstaafu wa masjala, miaka thelathini na moja bila faili kupotea (ukiacha lile moja). Na Melkiori, seremala, mtu wa Rombo, asiye na lolote ila upole.

Upole na matikiti. Mwaka juzi tulisali kwake akawakatia watu matikiti maji, mpaka leo wanayasimulia. Basi mimi nitawapa maembe mabivu. Kongowe nzima hakuna embe lililoiva bado, na mwembe wangu umezaa kwa mara ya kwanza. Nimehesabu hamsini na nane. Mtu aliyekula embe la kwanza la msimu hawezi kumnyima kura aliyempa. Nimemweleza mke wangu Efrazia. Amesema nimwombe Roho Mtakatifu kwanza. Nimesema Roho Mtakatifu naye anayajua maembe.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimeyaangua yote. Wanasema mvumilivu hula mbivu, lakini aliyetunga methali hiyo hakuwa na popo.

Bi Sada alichungulia juu ya ua. Ni jirani yetu, mama wa Kizaramo, aliyeishi mtaa huu kabla haujawa mtaa. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza kama tunatengeneza achari. Nikasema la, nayavundika. Akayatazama maembe, akanitazama mimi, akasema haya, baba. Sikuipenda ile haya.

Jumanne, 14 Novemba

Nimechimba shimo. Kwetu Bukoba ndizi huvundikwa shimoni, majani makavu ya mgomba na moshi kidogo, na mtoto wa Bukoba hafundishwi kuvundika. Tunda ni tunda.

Moshi haukuwa kidogo. Saa tisa alasiri Melkiori alitokea mbio na ndoo mbili za maji, anapiga kelele kwamba kwa Mzee Evodius kunaungua. Kabla sijafungua mdomo, ndoo zote mbili zilikuwa zimemiminwa shimoni. Hujuma! Ameloa mpaka magotini, kandambili imekatika, anahema, ananiuliza kama mama yuko salama. Ilibidi nimshukuru. Nilimshukuru kwa sauti ndogo. Alipoondoka niliwasha upya.

Jumamosi, 18 Novemba

Tumesali kwa Yunis, katibu wa jumuiya. Nilijiapiza nisiseme neno juu ya maembe. Lakini Melkiori akasimama, akasema anatuombea kheri wagombea wote wawili, na watu wakaitikia amina kwa nguvu kupita kiasi. Amina ya namna ile ni kampeni! Nikainuka. Nikatangaza kwamba Jumamosi ijayo kila atakayefika kwangu atakula embe bivu mpaka aseme basi.

Makofi! Yunis ameliandika daftarini. Efrazia alikuwa anatazama sakafu.

Jumapili, 19 Novemba

Nimefukua. Ee Mungu wangu.

Yamekunjamana yote na yananuka kama samaki wa kukaushwa. Nimekata moja: ndani jeupe, na kokwa lenyewe laini, kisu kimepita katikati bila kusita. Nikajishusha, nikaenda kwa Bi Sada. Nilimuulizia rafiki yangu mmoja wa Chalinze, aliyepatwa na tatizo kama hilo. Akasema nimwambie rafiki yangu wa Chalinze ameangua maembe machanga. Embe pevu hutazamwa mabega: yakishanenepa na kupanda juu ya kikonyo, hapo limekomaa, livundike. Changa hata ulilaze kwenye godoro la hotelini haliivi, linazeeka tu. Kisha akauliza kama moshi umeshamtoka machoni huyo rafiki yangu.

Zimebaki siku sita, na ahadi yangu imo daftarini. Nikifika Jumamosi mikono mitupu, Melkiori amepita. Nimeona aibu leo, sifichi.

Jumatatu, 20 Novemba

Maneromango! Nimekwenda kwa Simoni, tuliyefanya naye kazi masjala. Mlutheri, lakini mtu mwema. Alistaafu akarudi kwao Kisarawe kulima. Aliukwea mwembe mwenyewe, na umri ule, akaangua arobaini moja moja akiyashusha kwa kapu, lisianguke hata moja. Akanionyesha mabega. Nikasema nayajua tangu utotoni.

Akanisisitizia: niyatandaze sakafuni juu ya majani makavu, yasirundikane, niyafunike gunia jepesi, niyaache. Jumamosi yatakuwa tayari yenyewe. Simoni ana tabia ya kuamini mambo yatakuwa tayari yenyewe. Hata lile faili alisema litapatikana lenyewe.

Mvua imeharibu barabara. Nimepanda bodaboda mpaka Kisarawe mjini nimelipakata gunia, na kila tulipokaribia shimo nilimwomba dereva ashuke tuvuke kwa miguu. Mwishowe akasema mzee, bora ungeoa hayo maembe.

Jumanne, 21 Novemba

Sikuyatandaza. Yenyewe, yenyewe, je yakichelewa? Nimeyatia yote arobaini kabatini, ndani ya gunia, na mkungu mdogo wa ndizi mbivu katikati ili ziyashawishi, na juu yake blanketi zito la Efrazia. Suti yangu ya uchaguzi inaning'inia hapo hapo, sikuwa na nafasi nyingine. Nimefunga kwa ufunguo. Efrazia amesema Simoni alisema tutandaze. Nimemuuliza kati ya Simoni na mimi ni nani anayegombea.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimeamka, chumba kizima kinanukia. Nimefungua kabati: yameiva! Yote! Manjano, laini, utomvu wa sukari unachuruzika kikonyoni. Nimeruka kwa furaha na mguu wangu huu mbovu.

Halafu Efrazia akaniuliza leo siku gani.

Alhamisi. Yote arobaini yameiva Alhamisi! Suti imepata doa begani. Nimempelekea Bi Sada matatu, akala moja palepale amesimama, akasema sasa haya ndiyo maembe, na rafiki yangu wa Chalinze apewe salamu.

Ijumaa, 24 Novemba

Yanalainika kila saa. Efrazia ameshauri tuwaite wanajumuiya waje wale leo. Siwezi! Mpiga kura aliyekula Ijumaa, Jumamosi anaamka na njaa yake. Akashauri tukaombe nafasi kwenye friji kubwa la Melkiori. Nilimtazama mpaka akacheka.

Adhuhuri tukakubali yaishe. Tukatandika mkeka uani, ndoo ya maembe katikati, tukala. La kwanza nililila kwa hasira. Kufikia la nne nilikuwa nimesahau uchaguzi ni wa nini. Maji yanatiririka mpaka viwikoni, nyuzi zimejaa menoni, Efrazia ananisimulia jinsi alivyoanguka mwembeni akiwa msichana, jambo ambalo kwa miaka thelathini na minne ya ndoa sikuwahi kulisikia. Tumecheka mpaka Bi Sada akauliza kuna nini. Tukamgawia, na wa nyuma ya nyumba tukawagawia. Yaliyobaki jioni yalikuwa yanaelekea kuwa pombe.

Sijui kama nimewahi kuwa na Ijumaa nzuri kama hii. Lakini kesho nitawaambia watu nini?

Jumamosi, 25 Novemba

Alfajiri Bi Sada amebisha hodi na sinia kubwa. Ameleta shukrani ya jana: maembe mabichi ya mwembe wake, yamekatwa vipande, chumvi na pilipili ya kusaga juu. Nilitaka kumkumbatia, nikakumbuka umri wake.

Tumekuwa watu kumi na saba, mimi na Efrazia tukiwemo. Baada ya sala nimetoa sinia na kutangaza kwamba niliahidi maembe na maembe ndiyo haya. Yunis akafungua daftari akasoma: bivu. Nikasema mbivu zina wakati wake, na mbichi zina vitamini. Melkiori ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. Akala, machozi yakamtoka kwa pilipili, akasema hajawahi kula kitu kitamu namna hii. Basi wote wakavamia, sinia likabaki na chumvi.

Kura: Melkiori kumi na tano. Mimi mbili.

Nimempa mkono. Nilikuwa na suti yenye doa na nimepiga makofi kama wengine. Inauma, hata hivyo.

Jumapili, 26 Novemba

Kura mbili! Ya kwanza ni yangu. Ya pili ni ya Efrazia, nimemshukuru wakati wa chai. Akaweka kikombe chini, akaniomba nisikasirike. Amempigia Melkiori. Anasema ningeshinda, tungepikia watu kila wiki na kabati lisingefungika tena.

Basi nani? Nimewapitia wote kichwani na sikumpata. Saa kumi Melkiori akaja mwenyewe, kushukuru kwa ukarimu wa jana na kuuliza kama nitamsaidia kuandika barua za jumuiya, maana mimi ni mtu wa masjala na yeye mwandiko wake ni wa msumeno. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka. Akajibu bila kuficha: alinipigia mimi. Si adabu, alisema, mtu kujichagua mwenyewe, na kwa nafasi ile hakuona mwingine wa kufaa.

Nimekubali kuandika barua, na alipoaga nilimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo sikuwahi kumfanyia.

Nikirudi nimelipima jambo hili vizuri. Mtu asiyejipigia kura hajiamini. Na asiyejiamini ni rahisi kumtoa! Desemba kuna uchaguzi wa makamu, na makamu hukaa hatua moja tu nyuma ya kiti. Matikiti yamepita, maembe yamepita, fenesi hakuna aliyewahi kuwapa. Nimeangua moja uani jioni hii, kubwa, nimelibeba kwa mikono miwili. Linatoa ulimbo mweupe mwingi sana, kama papai changa. Nadhani ni dalili nzuri.