Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Leo nimevuliwa nguo ukweni, na nguo zangu zote zilikuwa mwilini. Naandika nikiwa njiani kurudi kwangu Bugembe, kiti cha nyuma kabisa cha basi, kofia imeshuka mpaka puani.

Nianze mwanzo. Mke wangu ni mjamzito, siku zimekaribia, na shule zimefungwa. Tukamwomba mama yake aliyeko Busiu, upande wa Mbale, akae na watoto wetu wawili mpaka mwenzao azaliwe. Mama akajibu hivi: "Kwangu si stoo ya kuwekea watoto. Baba yao awalete, akae nao siku nzima, acheze nao, simu imezimwa. Nikiona wana baba, watabaki. Nisipoona, arudi nao."

Haya! Mimi muuza vipuri, mtu mzima, napewa mtihani wa kucheza! (Nina kitambi, jamani. Mara ya mwisho kukimbia nilikuwa nafukuzwa na nyuki.)

"Kaa karibu nao," mke wangu akaniambia asubuhi. "Watoto na mama. Siku moja tu, utakufa?"

Kwa wasiojua: mimi ni Mbukusu wa Bungoma, mke wangu ni Mgisu. Kwa mambo ya mama mkwe sisi ni kitu kimoja. Humshiki mkono. Huli naye meza moja. Mnaongea mkiwa mbali, tena kupitia mtoto. Na chumba anacholala, weee! Hata mlango wake hutazami. Huu ni mwaka wa nane tangu nioe, na sijawahi kukosea.

Tulifika saa nne. Mama alikuwa mlango wa jikoni, ametazama pembeni kama inavyotakiwa. Salamu zikapitia kwa Neema, binti yangu wa miaka saba, anayemwita bibi yake Kukhu.

"Kukhu anakusalimu. Anauliza simu iko wapi."

Nikaitoa, nikaiinua wote waione, nikabonyeza, kioo kikawa cheusi. (Sikuizima. Nilikuwa nasubiri mzigo wa breki kutoka Malaba. Msinihukumu.)

Neema akachagua brikicho, ule mchezo wa kujificha na kutafutana. Mara ya kwanza nikajificha kwenye migomba. Baraka, mdogo wake wa miaka minne, akanionyesha kwa kidole. Mara ya pili nikaenda nyuma ya tangi la maji. Kitambi kikabaki nje. Neema akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, wewe hujui hata kujificha!"

Nikapandwa na hasira. Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Mara ya tatu nikaingia kwa mlango wa nyuma, mbio, mpaka chumba cha magunia ya mahindi. Nakijua hicho. Mwaka jana magunia niliyapanga mimi. Nikasukuma mlango, nikaingia, nikaurudishia. Mbele yangu kitanda. Gomesi, lile gauni la heshima la mama, imetundikwa ukutani. Gunia hata moja hakuna! Kumbe mama anaumwa goti siku hizi, amehamia chumba cha karibu na mlango, na hakuna aliyeona haja ya kuniambia.

Mtu mwenye akili angetoka. Lakini nikasikia Neema huko nje: "Kumi! Nakuja!" Nikajiambia, dakika moja tu. Nikaingia chini ya kitanda. (Ndiyo. Nimeandika. Someni tena mkitaka.)

Mlango ukafunguka. Hakuwa Neema. Niliona miguu ya mtu mzima, polepole, mmoja unaburutwa. Kitanda kikashuka mpaka kikagusa pua yangu. Mama mkwe ameketi, anaongea na mke wangu kwa simu. Kigisu chao na Kibukusu chetu ni ndugu, kwa hiyo nilielewa kila neno, bahati mbaya.

"Mume wako amenishangaza. Anacheza na watoto kweli, na simu kaizima. Halafu ana heshima huyo! Hata mlango wangu hatazami... Mpigie basi, lakini hutampata."

Nikapeleka mkono mfukoni. Haufiki. Tumbo limekaba. Nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali.

Ikalia. Kwa sauti yote. Chini yake kabisa.

Yowe alilopiga mama, nadhani Mbale mjini walisikia. Goti bovu lile likaruka mpaka mlangoni! Shemeji yangu, askari magereza aliye likizo, akaja mbio na fimbo.

"Nani iko chini ya kitanda ya mama? Toka inje! Mikono juu!"

"Afande, siwezi. Nimekwama."

"Wewe nani?"

Nikasukuma kiatu kimoja nje, labda watakitambua.

Baraka akachungulia. "Ni baba! Nimempata!" Akaanza kushangilia, nyumba nzima inamsikia.

Shemeji aliita majirani wawili wakamsaidia kuinua kitanda. Nikatoka na utando wa buibui kwenye ndevu. Mama alikuwa uani, leso imefunika uso wote, amegeukia ukuta. Mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikajua imekwisha, watoto narudi nao, na mke wangu nitamwambia nini katika hali ile? Iliniuma, sisemi uongo.

Neema akaja na ujumbe.

"Kukhu anasema ulete mbuzi Jumamosi, wazee wakae waondoe mwiko. Na kwa kudanganya simu, uongeze jogoo."

"Na nyinyi?"

Akakimbia kwa bibi yake, akarudi. "Tunabaki! Anasema hajawahi kuona mwanaume mwenye tumbo kama hilo akiingia chini ya kitanda kwa ajili ya watoto wake."

Hapo ndipo nikasikia vizuri. Mama hakuwa akilia. Alikuwa anacheka, leso ameiuma kwa meno ili asisikike.

Nimeondoka bila kuaga. Sasa hivi mke wangu amepiga, anauliza kama nilikaa karibu na mama yake kama alivyoniagiza.

Nilikaa, mke wangu. Katikati yetu kulikuwa na godoro tu.

(Atakayecheka hapa, Jumamosi ndiye atakayemvuta mbuzi.)